Bia Yako ya Kwanza Ndani ya Pipa la Mwaloni

Haya wadau, karibuni tena. Pipa mnaloliona hapa mezani ni la lita 20, mbao za mwaloni, na ndani limeunguzwa mpaka likafanya mkaa. Lilikuwa na wiski ya bourbon. Leo linapokea bia.

Tuanze na bia yenyewe. Bia nyepesi usiisumbue, mwaloni utaimeza yote. Tafuta nzito, yenye kimea cha kutosha, kilevi kuanzia asilimia 8: stauti kali, ile bia nyeusi nzito, ndiyo rahisi kuanzia nayo, maana haina aibu mbele ya mbao. Na iwe imekwisha kuchacha, yaani hamira imemaliza kula sukari. Mimi napima kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, siku tatu mfululizo. Namba isiposhuka tena, tunaendelea. Bia inayochacha ndani ya pipa lililozibwa itakurushia kizibo darini. Halafu pika ya ziada, kama lita 24, kwa sababu mashapo yatabaki chini na baadaye utahitaji ya kujazia.

Sasa pipa. Fungua kizibo, nusa. Likinukia wiski na ndani bado kuna unyevu, usilioshe! Hiyo harufu ndiyo uliyoilipia. Litie bia siku hiyo hiyo. Ila hili langu limekaa, limekauka, kwa hiyo tuone kwanza kama linavuja.

Namimina lita tatu za maji ya moto, naziba, nalizungusha taratibu maji yaguse kila ubao. Sasa nalegeza kizibo polepole, uso ukiwa mbali, kwa sababu mvuke umejibana humo. Nalijaza maji baridi hadi juu. Sogea na kamera uone hapa, kati ya ubao huu na huu: tone, tone, tone. Usiogope. Mbao zinakunywa maji, zinavimba, zinabanana zenyewe. Lipe siku moja, hata mbili. Kama bado linalia mahali palepale, kausha hapo kwa nje na usugue nta ya nyuki. Na dawa ya klorini isikaribie pipa hata kidogo: itajificha kwenye mbao, na bia yako itanuka kama plasta ya kidonda.

Liweke pipa mahali pake kabla ya kulijaza. Nasema hivi kwa sababu likishajaa ni zaidi ya kilo 20, na kulibeba ni kuitikisa bia. Chagua pembe yenye ubaridi usiobadilikabadilika, jua lisifike.

Mwaga maji, acha lichuje. Shusha bomba la mpira lililosafishwa mpaka liguse sakafu ya pipa, ndipo uiruhusu bia. Iingie kimya, bila kutoa povu. Kila povu ni hewa, na hewa ni adui. Jaza mpaka shingoni. Ziba.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea. Pipa kubwa la viwandani ni la lita 200 hivi, na bia hulala humo miezi mingi. Nami nikaiga. Lakini katika pipa la lita 20, kila lita ya bia inagusa mbao mara mbili zaidi. Baada ya miezi mitatu nikawa nakunywa meza. Niliiokoa kwa kuichanganya na stauti nyingine isiyowahi kuona pipa.

Kwa hiyo onja wiki ya pili, kisha kila wiki. Toboa tundu jembamba kwenye uso bapa wa pipa, uzibe kwa msumari wa chuma cha pua. Ukiuchomoa, bia inatoka kauzi kembamba kama hivi, unakinga, unarudisha msumari, na kizibo hakijaguswa. Marekani wanauita msumari wa Vinnie, kwa jina la Vinnie Cilurzo wa kiwanda cha Russian River, California.

Unatafuta nini ulimini? Vanila, nazi kwa mbali, moshi kidogo. Ukianza kusikia ukakasi kwenye ufizi, kama wa majani ya chai yaliyosahaulika kwenye birika, toa leo. Kalenda haijui chochote.

Pipa nalo linavuta, bia inapungua. Kila wiki mbili au tatu jazia ile ya ziada, maana nafasi tupu inawapa bakteria wa siki hewa wanayoitaka.

Siku ya kutia kwenye chupa, ongeza hamira mpya kidogo pamoja na sukari yako, kwa kuwa ile ya zamani imechoka na huenda isitoe gesi.

Na uwe na bia nyingine tayari siku hiyo, kwa sababu pipa tupu huharibika haraka. Hii ya pili itakaa muda mrefu zaidi, mbao zimeshatoa nguvu zake. Siku pipa likianza kuitia bia ukali kama wa ndimu, usibishane nalo: ligeuze liwe la bia chachu. Ladha hiyo ikishaingia kwenye mbao haitoki tena.