Achukuliwe Mkosaji wa Mara ya Kwanza

SALMA: ...basi nimekaa benchi la nyuma, mwana wa dadangu kando yangu amenyong'onyea, na...

KATANA: Ngoja, kwani tumeanza?

SALMA: Kitambo. Taa nyekundu hiyo.

KATANA: Msikilizaji, hujambo. Leo Salma hana salamu.

SALMA: Sina. Jumanne nimeshinda kortini, Katana. Kijana alikamatwa akiendesha bodaboda, abiria wake hana helmeti. Haya, ni makosa, sipingi. Kabla yake akaitwa bwana mmoja, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Shtaka: kuendesha gari akiwa mlevi. Akaulizwa, akajibu, "Ni kweli." Akasimama kiongozi wa mashtaka: "Sina rekodi za awali, mheshimiwa. Achukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza." Benchi letu zima likakohoa.

KATANA: Wanamjua.

SALMA: Wanamjua! Nje pale kuna mama anauza chai. Nikamuuliza, akacheka: "Huyu? Huyu akija huniachia chenji." Mtu anakuja kortini mara nyingi mpaka ana desturi na muuza chai, na bado ni mkosaji wa mara ya kwanza.

KATANA: Akapigwa ngapi?

SALMA: Elfu thelathini, au miezi mitatu ndani. Akalipa kwa simu, akatoka. Leseni hata haikutajwa. Kijana wangu kapigwa elfu tano na hana, akashushwa seli mpaka nikazunguka kwa jamaa kuchanga. Sasa niambie nisikasirike.

KATANA: Kasirika. Lakini hakimu afanye nini na hana karatasi?

SALMA: Nilijua utaanza na hakimu.

KATANA: Yeye anahukumu kilichoko kwenye faili. Mtu amekamatwa usiku, asubuhi yuko kizimbani, amekubali kosa, mambo dakika kumi yamekwisha. Nani amepata nafasi ya kutafuta kama alishtakiwa Malindi mwaka jana au Voi mwaka juzi? Muuza chai hajaapishwa, Salma. Ndiye mwenye rekodi, na hakuna anayemwita.

SALMA: Basi wamwajiri.

KATANA: Naunga mkono. Na si mlevi peke yake anayejua mfumo ulivyo. Shemeji yangu je?

SALMA: Yupi, wa kuku?

KATANA: Wa kuku. Kuku walikufa. Siku hizi usiku yuko barabara ya Mtwapa. Unaijua Mtwapa, ukitoka huko saa tisa usiku...

SALMA: Mimi saa tisa usiku nimelala. Endelea.

KATANA: Kizuizi cha polisi kikiwekwa, watu wa magrupu ya WhatsApp wanaambizana, "Alkoblo, kile kidude cha kupima pombe kwa pumzi, iko mahali fulani." Shemeji anakwenda kusimama nyuma kidogo, kwenye giza. Gari ikija inayumba, anaipungia. Mwenye gari anahamia kiti cha abiria, shemeji anakamata usukani, anapita kizuizini, anapuliza kile kidude, safi kabisa, kwa sababu yeye ni mtu wa sala. Mbele huko anashuka, anapewa mia tano, anarudi kwa miguu kungoja mwingine.

SALMA: Subhanallah. Na mlevi?

KATANA: Anarudi kwenye usukani wake.

SALMA: Kwa hiyo shemeji yako ni feri ya Likoni, kazi yake kuvusha watu.

KATANA: Nahodha. Wenzake wanamwita Nahodha.

SALMA: Feri watu wa miguu hawalipi. Yeye ana huruma hiyo?

KATANA: Mkopo anatoa. Kuna mwalimu mmoja hulipa mwisho wa mwezi.

SALMA: Wee Katana!

KATANA: Bei nayo inapanda. Mwisho wa mwezi ni elfu. Krismasi usiniulize. Gari za automatiki mia tano, za gia anaongeza mia, anasema klachi zinamchosha goti.

SALMA: Leseni anayo?

KATANA: ...

SALMA: Katana. Nahodha ana leseni?

KATANA: Ana ya pikipiki.

SALMA: Yaani pale kizuizini, kwenye lile gari, mwenye leseni ni mlevi na asiyekuwa mlevi hana leseni!

KATANA: Na wewe, naona unataka adhabu iongezwe. Ukiongeza adhabu, unampandishia Nahodha bei.

SALMA: Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 44 cha kuendesha ukiwa mlevi, imeweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Mahakama ina uwezo pia wa kumfungia mtu leseni. Sasa elfu thelathini kwa mtu wa shati lile ni nini? Ni bili ya meza yake. Hakuna aliyemzuia hakimu kupanda juu.

KATANA: Upande wa mashtaka ukiwa na kesi ngumu kuthibitisha unapunguza bei, hata sokoni ni hivyo. Unakumbuka Desemba 2013 kidude kilipoletwa? Mimi nilikuwa na matatu, gari la abiria, ya Malindi. Watu walishika adabu, wallahi, baa zilitafuta madereva wa kuwarudisha wateja nyumbani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema zile kanuni za kidude zimebuni kosa ambalo halimo kwenye sheria yenyewe. Kanuni zilisema ukipita miligramu 0.35 kwa lita ya pumzi, umekosa. Sheria inasema uwe umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Hayo ni mambo mawili.

SALMA: Mahakama haikuruhusu mtu alewe aendeshe.

KATANA: Haikuruhusu. Lakini wakili mjanja atauliza: gari liliyumba? Nani aliona? Aliongea vipi? Kwa hiyo mtu akisema "ni kweli" bila kusumbua, kila mtu mle ndani anashukuru, na shukrani ile inaonekana kwenye faini.

SALMA: Kamwambie hayo yule mama wa mahamri tuliyemhoji hapa, mwenye chuma mguuni. Mwambie tulishukuru.

KATANA: Usinifanyie hivyo.

SALMA: Nakufanyia. Aliyemgonga alikuwa na kesi nyingine ya ulevi. Akiua, hapo ndipo tunakumbuka kifungu cha 46, miaka 10. Kwa nini tungoje maiti? Mara ya pili, leseni iende moja kwa moja, na alale ndani. Awe nani, awe na shati gani.

KATANA: Atakayelala ndani ni Nahodha, si mwenye shati. Nenda gereza la Shimo la Tewa uulize wangapi wako pale kwa kukosa elfu kumi. Mpaka ukamate kila mlevi anayepita, ukali wa hukumu ni pazia tu. Mimi ningetaka kizuizi kila usiku na kompyuta moja inayojua kesi za Malindi na za Kwale. Hakimu mwachie baadaye.

SALMA: Na mimi nasema hakimu anaweza kuanza kesho asubuhi bila kompyuta. Amuulize tu mtu kizimbani: umewahi kuja hapa?

KATANA: Atasema hapana.

SALMA: Aitwe mama chai!

KATANA: Tunarudi kulekule.

SALMA: Kwa sababu hujanijibu. Nahodha akivusha mtu, yule mtu akaua mbele ya safari, mia tano ile ni ya nini?

KATANA: Ni ya watoto wake, Salma. Ni ada ya shule.

SALMA: Na watoto wa marehemu?

KATANA: Sijasema ni halali.

SALMA: Hujasema ni haramu pia.

KATANA: Ni ndugu wa mke wangu, na kipindi anasikiliza.

SALMA: Nahodha, shikamoo. Tafuta kuku wengine.

KATANA: Nimeshakwambia kuku walikufa!

SALMA: Basi bata. Mimi sibadilishi neno.

KATANA: Hata mimi. Saa ngapi hizo?

SALMA: Tumebakiwa na dakika mbili, vijana wa kaswida wako mlangoni na matari yao. Na karatasi yangu sijaifungua! Nilikuwa nieleze ukigongwa na mlevi ufanye nini: kuripoti kituoni upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, fomu ya P3, ile ya polisi ya majeraha, ipelekwe kwa daktari, bima ya gari...

KATANA: Soma haraka.

SALMA: Haisomwi haraka, ni kurasa tatu. Wiki ijayo.

KATANA: Ulisema hivyohivyo kwenye ile ya hati za mashamba.

SALMA: Hati za mashamba ulizimaliza wewe na hadithi ya mbuzi. Haya, karibuni vijana, ingieni. Katana, zima hiyo, inarekodi bado.

KATANA: Mwambie mama chai aje na...