Karatasi Ilisema Inchi

[Muziki wa kufungulia unapungua]

ASHA: Karibuni tena. Mimi Asha, na mwenzangu leo kaja kanuna, sijui hata nimuanzie wapi.

MUSA: Sijanuna, dada Asha. Nimechoka na mafundi wa mji huu, basi.

ASHA: Haya, wasimulie. Mimi nimeshacheka Jumapili nzima, sasa zamu yao.

MUSA: Mnajua nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Vikao, michango, kukimbizana na watu wa ahadi. Nikapewa na bango la maharusi, lile la kusimama mlangoni ukumbini. Nikamtumia jamaa wa kuchapa ujumbe: picha hii hapa, sita kwa nne, nafuata Jumamosi mchana. Akajibu, sawa bosi. Jumamosi nafika, napewa bahasha.

ASHA: Bahasha! (anacheka)

MUSA: Ya kaki. Ndani picha moja, inang'aa vizuri tu, sita kwa nne. Inchi.

ASHA: Na mkaiweka!

MUSA: Tungefanyaje? Stendi ilishakodiwa. Stendi inanizidi kimo, halafu katikati pale maharusi wadogo kama stempu. Mama mdogo akavaa miwani, akainama, akauliza, hawa ni kina nani?

ASHA: Ndiyo maana mada tuliyowaahidi wiki iliyopita tumeiweka kando. Aliponipigia, hajamaliza hata kusimulia, nikamwambia, Musa, hiyo ni Stonehenge. Usiku uleule akaitazama tena ile filamu.

MUSA: This Is Spinal Tap, ya 1984, ya Rob Reiner. Kwa ambao hawajaiona, ni makala ya uongo kuhusu bendi ya roki ya Uingereza ambayo haikuwahi kuwepo. Reiner mwenyewe anaigiza mtengeneza makala, anaifuata bendi na kamera huko Marekani, na ziara inawafia mikononi. Shoo zinafutwa, kumbi zinapungua, Cleveland wanapotea nyuma ya jukwaa, wanazunguka na magitaa yao hawaoni pa kutokea.

ASHA: Na hao Waingereza ni Wamarekani. Michael McKean, Christopher Guest, Harry Shearer. Lafudhi za kuigiza, lakini vyombo wanapiga wenyewe. Na mazungumzo hayakuandikwa, Musa. Walikuwa na mpangilio tu: hapa mnafika hotelini, vyumba vimevurugwa, haya tuone. Maneno kila mtu anatoka nayo kichwani.

MUSA: Nimeandaa sababu tatu kwa nini filamu hii haichuji. Ya kwanza...

ASHA: Ngoja, waeleze Stonehenge kwanza, watabaki njiani.

MUSA: Eleza wewe, unaipenda.

ASHA: Stonehenge ni zile nguzo za mawe za kale kule Uingereza. Nigel, mpiga gitaa, anataka mfano wake ushuke jukwaani. Anachora kwenye kikaratasi cha kufutia mdomo, anaandika 18 na vile vialama viwili juu. Alitaka futi 18, mita tano na ushee. Vialama viwili ni inchi. Meneja wao, Ian, anapeleka mchoro kwa fundi, ambaye ni Anjelica Huston, na fundi anafanya kazi yake. Sentimita 45 na kidogo.

MUSA: Halafu siku ya shoo...

ASHA: Moshi! Taa! Nigel anasimulia kwa sauti ya kaburini habari za watu wa kale, na kitu kinashuka taratibu, kinashuka, kinatua. Hakifiki hata kiunoni. Na wameajiriwa wachezaji wawili wa kimo kifupi wazunguke pale ili kionekane kikubwa, na hao wenyewe wanakizidi.

MUSA: Sasa kosa la nani? La fundi.

ASHA: Fundi? Fundi kaletewa karatasi!

MUSA: Karatasi si msahafu, dada. Mtu anayetengeneza mapambo ya jukwaa la roki anajua sentimita 45 haioni mtu wa safu ya pili. Fundi mwenye akili anauliza.

ASHA: Akiuliza, mnasema fundi mjuaji. Asipouliza, hana akili. Yule mama alipimiwa kwa maandishi, akafanya barabara, na ukiangalia vizuri kakifanya kizuri. Ian ndiye anakishika mkononi anauliza hiki ni mfano, chenyewe kiko wapi? Anaambiwa chenyewe ndicho hicho. Pale ndipo kosa. Kishajua, na bado akakipeleka jukwaani!

MUSA: Kwa hiyo mimi ndiye Ian.

ASHA: Sikusema hivyo. Ulilipa shilingi ngapi?

MUSA: Hilo halihusiani.

ASHA: Bango la mlangoni kwa hela ya picha ya albamu, na hukushtuka?

MUSA: Nilidhani kanipunguzia!

ASHA: (anacheka) Fundi mitambo kanyoosha mkono kule kwenye kioo. Anasema yuko upande wa fundi.

MUSA: Ana upendeleo, ni fundi. Halafu huyu naye aangalie. Kwenye ile bendi wapiga dramu ndio wanaokufa. Mmoja kwa ajali ya ajabu bustanini. Mwingine kapaliwa na matapishi, na matapishi yenyewe si yake. Mwingine kalipuka palepale kwenye kiti. Sisi huyu fundi mitambo wa ngapi mwaka huu?

ASHA: Usimtishe, ndiye anayetukata makosa.

MUSA: Na hapo umenipa sababu ya pili. Watu wanasifia kubuni papo kwa papo, mimi nasifia mkasi. Toleo la mwanzo lilizidi saa nne. Tuliyoiona sisi ina dakika 82. Uchekeshaji ule umefanyika mezani kwa mhariri.

ASHA: Mkasi haumtungii mtu sura. Nigel anapoonyesha ile amplifaya yenye vifundo vinavyofika 11 wakati za wenzake zinaishia 10, Reiner anamuuliza, kwa nini usifanye 10 ndiyo iwe kubwa zaidi? Jamaa ananyamaza. Anafikiri kweli. Halafu anarudi palepale, hizi zinafika 11. Ule ukimya nani kauandika? Ni kama Mzee Majuto, Mungu amrehemu. Mpe kisa, maneno anayo, na yeye mwenyewe hacheki.

MUSA: Mzee Majuto alijua anachekesha. Spinal Tap hawajui. Maonyesho ya mwanzo watu walimfuata Reiner kumuuliza kwa nini apoteze filamu kwa bendi isiyojulikana. Kuna wanamuziki hawakucheka, wakasema haya yametukuta. Miaka minane baadaye bendi ya uongo iko Wembley, jukwaa halisi, tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Na 2025 wakatoa ya pili, wazee kabisa.

ASHA: Nakubali yote hayo ila la fundi.

MUSA: Umerudi.

ASHA: Sikuondoka. Baada ya Stonehenge kuna ugomvi, unaukumbuka? Ian anajitetea, nimefanya nilichoambiwa. David, mwimbaji wao, anamjibu kwamba Nigel kuchanganyikiwa ndiyo hali yake, sasa wewe meneja kazi yako nini? Wanabishana mpaka Ian anaacha kazi. Hakuna hata mmoja aliyemtaja fundi. Hata mmoja!

MUSA: Kwa sababu hakuwepo kikaoni. Asiyekuwepo hatetewi wala hashitakiwi. Nikupe mfano wa karatasi. Harry Shearer alikwenda mahakamani 2016 kwa sababu hesabu walizoletewa zilionyesha mauzo ya bidhaa za filamu dunia nzima, 1984 mpaka 2006, mgao wao watunzi wanne ni dola 81. Karatasi ilisema 81. Angekaa kimya kwa sababu imeandikwa?

ASHA: Yule alidhulumiwa, kadai haki yake. Wewe uliandika "sita kwa nne" ukaishia hapo. Futi hukuitaja, inchi hukuitaja.

MUSA: Bango linajulikana!

ASHA: Na picha sita kwa nne inajulikana zaidi! Nenda studio yoyote Kariakoo, taja sita kwa nne, uone utapewa nini.

MUSA: Nilimwandikia "ya mlangoni".

ASHA: Soma ujumbe. Soma hapa hewani.

MUSA: Simu ina chaji kidogo.

ASHA: (anacheka) Wasikilizaji, mmesikia.

MUSA: Fundi mitambo anaonyesha vidole. Dakika mbili.

ASHA: Sababu zako tatu?

MUSA: Ya tatu ndiyo ilikuwa nzuri. Inahusu bendi kujua imeisha na bado inapanda jukwaani.

ASHA: Kwa dakika mbili huiwezi. Iache.

MUSA: Basi wasikilizaji wapige kura. Fundi au Ian?

ASHA: Kura ya nini? Huyo mama kazi kamaliza na hela yake kapokea!

MUSA: Hujui kama alilipwa, filamu haionyeshi.

ASHA: Kwa hiyo sasa unataka na asilipwe?

MUSA: Nusu. Namlipa nusu.

ASHA: Nusu! Fundi mitambo, zima maikrofoni yake.

[Muziki]