Fuata Shamba, Usifuate Jina: Familia ya Anthony Johnson wa Virginia

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi ni Neema, niko na kaka Shabani, ambaye wiki nzima amekuwa akinitumia picha za maandishi ya wino yasiyosomeka.

SHABANI: Yanasomeka, dada. Yanataka subira tu.

NEEMA: Haya, tusomee basi. Leo ni ukoo wa nani?

SHABANI: Leo tunakwenda Virginia ya karne ya 17, ilipokuwa koloni la Mwingereza. Tunaitafuta familia ya Anthony Johnson na mkewe Mary. Ukimwambia mtu "familia ya Marekani enzi za ukoloni," anawaza Waingereza waliotoka Bristol au London. Hawa walikuwa Waafrika, na nyaraka zao zipo mahakamani. Siyo hadithi za kusimuliwa, ni hati.

NEEMA: Wanaanza kuonekana wapi?

SHABANI: Kwenye orodha ya watu wa koloni, mwanzoni mwa 1625. Kwenye shamba la Bennett ameandikwa "Antonio, Mweusi," aliyefika na meli ya James mwaka 1621. Karibu naye kuna "Mary, mwanamke Mweusi," aliyefika na Margaret and John mwaka 1622. Basi. Hakuna jina la baba, hakuna kijiji, hakuna umri.

NEEMA: Antonio ni jina la Kireno.

SHABANI: Ndiyo. Miaka ile Waafrika wengi waliofikishwa Virginia walitoka upande wa Angola, ambako Wareno waliwabatiza mateka kabla ya kuwapakia melini. Na Machi 1622 shamba hilo la Bennett lilishambuliwa na wenyeji wa nchi, Wapowhatan. Walibaki hai wachache sana. Antonio alikuwa mmoja wao.

NEEMA: Kisha?

SHABANI: Kisha kimya. Miaka inapita bila karatasi. Baadaye, ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, kwenye kaunti ya Northampton, anajitokeza mtu anaitwa Anthony Johnson, ana mke anaitwa Mary.

NEEMA: Ngoja, hapo nakusimamisha. Antonio na Anthony ni sawa, ila kina Mary wako wengi. Utajuaje kuwa ni wale wale?

SHABANI: Kwa kesi ya moto. Familia hii iliunguliwa na mali, ikaenda mahakamani kuomba nafuu. Kwenye uamuzi wa Februari 1652/3 mahakama inaandika kwamba wameishi Virginia zaidi ya miaka 30. Rudi nyuma miaka 30 na ushee, unafika 1621 na 1622. Meli zile mbili!

NEEMA: Na huo mkwaju katikati ya mwaka? Msikilizaji atadhani umekosea.

SHABANI: Mwaka mpya wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, mpaka walipobadilisha kalenda mwaka 1752. Kwa hiyo Februari yao ilikuwa bado ya 1652, kwetu ni 1653. Usipolijua hili utamkuta mtu amekufa kabla ya kuandika wosia wake.

NEEMA: Hiyo nafuu ilikuwa ya nini hasa?

SHABANI: Kodi ya kichwa. Mary na binti zake wawili walisamehewa maisha yao yote.

NEEMA: Subiri. Wanawake walikuwa wanalipa kodi ya kichwa?

SHABANI: Waafrika, ndiyo. Sheria ya 1643 iliwaingiza wanawake wa Kiafrika kwenye kodi, wakati mke wa mkulima wa Kiingereza hakulipa. Kwa hiyo mahakama iliposema Mary na binti zake wasilipe, kwa jambo hilo moja iliwaweka sawa na majirani zao wazungu. Nawe unaambulia habari ya ukoo bila kuitafuta: kuna mabinti wawili.

NEEMA: Majina yao?

SHABANI: Uamuzi hauyataji. Ndiyo tabia ya nyaraka hizi. Mtoto wa kiume anaandikwa kwa sababu atapewa ardhi. Binti anaandikwa pale tu anapogusa pesa ya serikali.

NEEMA: Haya, twende kwenye ardhi yenyewe.

SHABANI: Julai 1651 Anthony anapewa ekari 250, kwenye kijito cha Pungoteague. Utaratibu wa Virginia ulikuwa hivi: ukileta mtu koloni kwa gharama yako, unastahili ekari 50 kwa kila kichwa. Yeye alipeleka vichwa 5.

NEEMA: Mara 50, ni 250. Na hati inawataja watu hao?

SHABANI: Inawataja wote, na hapo ndipo mahali pa kukaa na kusoma taratibu. Thomas Bemrose, Peter Bughby, Anthony Cripps, halafu "Jno. Gesorroro," na wa mwisho Richard Johnson.

NEEMA: Richard Johnson siyo mwanawe?

SHABANI: Ana mwana wa jina hilo hilo, na wapo wanaosema ndiye. Ila usiikimbilie orodha kama hii kana kwamba ni orodha ya abiria. Haki za vichwa zilikuwa zinauzwa na kununuliwa kama hisa. Mtu angeweza kuandikwa miaka mingi baada ya kufika, au na mtu ambaye hajawahi kumwona. Inakuambia nani alidai ardhi kwa jina la nani. Kuhusu safari yenyewe, tafuta pengine.

NEEMA: Na huyo Gesorroro? Maana hilo jina halina kwao.

SHABANI: Karani wa Kiingereza aliandika alichosikia. "Jno." ni kifupi cha John. Wanahistoria wengi wanaona huyu ni John Casor, na hapo hadithi inachacha.

NEEMA: Kabla ya Casor, kuna ule ushahidi wa mahindi ulionitumia. Huo sikubali uurukie.

SHABANI: Ah, ule! Ni wa miaka ya 1640. Karani wa mahakama anaapa kwamba alimwona Mwafrika anayeitwa Anthony ametoka shambani na kapteni Taylor, wamegawana mahindi. Anthony akasema, kwa maneno yangu mimi: sasa nimejua lililo langu, huyu bwana ananilaumu kuwa sifanyi kazi, lakini sasa nalijua shamba langu, nitafanya kazi nikitaka na nitacheza nikitaka.

NEEMA: Na karani akaona vema aandike!

SHABANI: Wapo wanaosema ni huyu Johnson wetu, wapo wanaosema ni Anthony mwingine wa kaunti hiyo hiyo. Mimi ningependa awe wetu, lakini kupenda siyo ushahidi.

NEEMA: Haya, Casor.

SHABANI: Casor alikuwa Mwafrika akifanya kazi kwa Johnson. Siku moja akaja kapteni Samuel Goldsmith kuchukua tumbaku. Casor akamwendea, akamwambia: mimi nilikuja kwa mkataba wa miaka 7 au 8, huyu amenishikilia miaka 7 zaidi. Johnson akajibu hakuna mkataba aliouona, huyu ni wake maisha.

NEEMA: Yaani mtu aliyeletwa utumwani, leo anasema mtu mwingine ni wake maisha.

SHABANI: Ndivyo. Sitaki kulipamba. Sasa sikia ushahidi wa Goldsmith: anasema mkwe wa kiume wa Johnson, mkewe, na wanawe wawili walimsihi Johnson amwache huru Casor.

NEEMA: Mkwe! Basi binti mmoja ameolewa.

SHABANI: Umeona? Kesi ya mtumwa imekupa ndoa ambayo haikuwa kwenye daftari lolote la kanisa. Casor akaachiwa, akaenda kufanya kazi kwa jirani, Robert Parker. Johnson akajuta, akamshitaki Parker, na Machi 1655 kwa hesabu yetu mahakama ikaamuru Casor arudishwe.

NEEMA: Mitandaoni hii kesi inazungushwa sana, wanasema mmiliki wa kwanza wa watumwa Marekani alikuwa Mwafrika.

SHABANI: Wanaosema hivyo hawajafungua daftari la 1640. Mwaka huo mahakama ya Virginia iliwahukumu watoro watatu. Wazungu wawili waliongezewa miaka ya kazi. Wa tatu, John Punch, Mwafrika, akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Hiyo ni miaka 15 kabla ya Casor. Na Waafrika walikuwa wakiuzwa na kurithishwa kwenye makoloni ya Waingereza kabla Johnson hajawa na ekari moja.

NEEMA: Lakini haimwondolei lawama.

SHABANI: Haimwondolei hata kidogo. Alichofanya ni chake.

NEEMA: Twende kwenye lile la kunikasirisha.

SHABANI: Kwanza hesabu, maana utaihitaji. Miaka ya katikati ya 1660 familia inahama kwenda Maryland, kaunti ya Somerset. Kabla ya kuondoka, mwaka 1665, Anthony anauza ekari 200 za lile shamba.

NEEMA: Zinabaki 50.

SHABANI: Hizo anampa mwanawe Richard, anayebaki Virginia. Wao wanavuka na ng'ombe 14, farasi jike na kondoo 18, wanapangisha ekari 300 huko Somerset. Shamba likaitwa Tonies Vineyard.

NEEMA: Tony ni yeye mwenyewe.

SHABANI: Mwenyewe. Anafariki karibu na 1670. Na mwaka huo huo, kule Virginia, jopo la raia walioapishwa linakaa kuamua habari ya zile ekari 50. Wanasema Anthony Johnson alikuwa Mweusi, na kwa hiyo ni mgeni asiye raia. Ardhi yake inarudi kwa mfalme.

NEEMA: Mtu aliyeishi Virginia zaidi ya miaka 40! Aliyelipa kodi, aliyeshinda kesi kwenye mahakama hiyo hiyo!

SHABANI: Na waliponunua zile ekari 200 hakuna aliyeuliza kama muuzaji ni mgeni. Sasa niulize nani alipewa zile 50.

NEEMA: Usiniambie.

SHABANI: George Parker. Ndugu yake Robert Parker, yule wa kesi ya Casor.

NEEMA: Mimi ni mwanasheria, kaka, nimeona kesi nyingi za mirathi zikiharibika baada ya mzee kuzikwa. Ila hapa mgogoro hauko ndani ya ukoo. Jirani ndiye aliyesubiri.

SHABANI: Na ndiyo maana nasema fuata shamba, usifuate jina. Ukifuata jina "Johnson" kule Virginia utazama, wako maelfu. Ukifuata zile ekari 250, nani alipewa, nani alinunua, nani alizidai, unaiona familia yote na maadui zake.

NEEMA: Na mipaka waliielezaje? Maana hapakuwa na ramani ya mpimaji kama ya wizara.

SHABANI: Mti wa mwaloni uliochorwa alama, kijito, pembe ya shamba la fulani. Kama kwetu mtu anavyokuonyesha mstari wa minyaa au masale. Mti ukifa, hati haikusaidii, unasoma ya jirani. Ndiyo maana mtafiti mzuri anasoma hati za watu wote wanaopakana.

NEEMA: Mary je? Amebaki mjane.

SHABANI: Mary ndiye aliyenifurahisha. Maryland hakuna aliyemwambia ni mgeni. Anaandikishiana upya mkataba wa shamba, safari hii miaka 99, na wanawe wamo. Halafu Septemba 1672 anaandikisha hiba ya ng'ombe kwa wajukuu zake watatu: Anthony, Richard na Francis.

NEEMA: Hiba, siyo wosia?

SHABANI: Hiba, akiwa hai. Fikiri alichokiona: mumewe alimpa mwana ardhi, mtu akafa, ardhi ikachukuliwa. Sijui kama ndiyo sababu, hati haisemi. Ila ng'ombe aliyekwisha kupewa mjukuu na kuandikwa mahakamani hahitaji kusubiri kifo cha mtu.

NEEMA: Mwanasheria yeyote angemshauri hivyo hivyo.

SHABANI: Na kwa mtafiti ni dhahabu. Ukoo kwenye karatasi moja: Mary, marehemu mumewe, na wajukuu kwa majina.

NEEMA: Ulinidokeza kuna kitu kuhusu walikotoka.

SHABANI: Mwaka 1677 John Johnson, mjukuu, ananunua ekari 44 huko Somerset. Shamba likaandikwa kwa jina la Angola.

NEEMA: Mjukuu! Ambaye hajawahi kuiona.

SHABANI: Jina la shamba siyo cheti cha kuzaliwa, lakini kati ya ushahidi wote tulio nao kuhusu asili ya mzee Antonio, hakuna unaozidi huo. Na umekaa kwenye hati ya mauziano ya ardhi, mahali ambapo anayetafuta majina tu hafiki.

NEEMA: Kwa msikilizaji anayetaka kuzisoma mwenyewe?

SHABANI: Mahakama ya Northampton, huko Eastville, ina kumbukumbu zisizokatika tangu 1632, hakuna kaunti Marekani yenye mfululizo mrefu kuliko huo. Hati za kupewa ardhi za Virginia ziko maktaba ya jimbo, Richmond, na picha zake zimewekwa mtandaoni bure. Za Somerset ziko nyaraka za jimbo, Annapolis.

NEEMA: Aanze na nani? Anthony?

SHABANI: Hapana. Aanze na kina Parker. Wana karatasi nyingi kuliko Johnson, na kila walipogombana naye, karani aliandika.