Neno Lako Lina Uzito Gani, na Unaupeleka Wapi?

Bwana asifiwe, kina mama, kina baba na vijana.

Mmetaka tuzungumzie ushawishi wa Mkristo. Wenye vyeo vikubwa nitawaacha leo, wao husemwa kila Jumapili. Nawazungumzia karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mweka hazina wa chama, mwalimu mkuu, msimamizi wa zamu hotelini. Mtu akifika mahali akasema "nimetumwa na fulani", mlango ukafunguliwa, basi huyo fulani ana ushawishi, awe na cheo au asiwe nacho. Mimi napima ushawishi wa namna hiyo kwa swali moja: mambo yakiharibika, nani analipa?

Fungueni Filemoni. Ni aya 25 tu, sura haina. Paulo yuko kifungoni, anamwombea Onesimo, mtumwa aliyetengana na bwana wake, Filemoni. Aya ya 8 anasema angeweza kumwagiza Filemoni. Aya ya 9 anaiweka amri kando, anamsihi kwa upendo. Aya ya 13 anakiri kwamba yeye mwenyewe angependa kubaki na Onesimo, yaani hafichi maslahi yake. Aya ya 14 anasema hakutaka kufanya lolote bila shauri la Filemoni, ili wema wake uwe wa hiari. Kisha aya ya 18: kama Onesimo amekudhulumu au ana deni lako, liandike juu yangu. Na ya 19 anaandika kwa mkono wake kwamba atalipa.

Msinielewe vibaya, Paulo si mpole kiasi hicho. Aya hiyohiyo ya 19 anamkumbusha Filemoni kwamba hata nafsi yake anaiwia. Na barua imeelekezwa pia kwa kanisa linalokutana nyumbani kwake, kwa hiyo kukataa kungekuwa mbele ya watu. Anasukuma, tena anasukuma sana. Lakini asiye na kitu ndiye anayefaidika, na gharama ameibeba mwenye kusukuma.

Pwani hii tunalijua jambo hili. Freretown, hapo Kisauni, Mombasa, ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya waliokombolewa utumwani. Huko Rabai, watumwa watoro walikimbilia misheni, naye William Jones, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mchungaji, alikuwa miongoni mwa waliowapokea. Mwishoni mwa 1888 mabwana walipowadai watu wao, suala halikuisha kwa maombi peke yake. George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa alilipa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kampuni ilikuwa na hesabu zake za biashara, sawa. Lakini fedha ilitolewa.

Sasa tuje kwenye ajira, maana huko ndiko tunakoharibu zaidi. Binti wa jirani amemaliza kozi ya utunzaji stoo. Mama yake amekuja jioni, "mshike mkono mtoto wetu". Mwonyeshe tangazo liko wapi, linafungwa lini, linataka vyeti gani. Aombe kama wengine. Kisha ulize ofisini kama wafanyakazi wanaruhusiwa kupendekeza mtu. Ikiwa ruhusa ipo, andika, usipige simu. Simu haiachi ushahidi, na ombi la mkubwa likipita kwa watu watatu hufika likiwa amri. Andika unamjua kwa njia gani na tangu lini, umemwona akifanya kazi gani kwa macho yako, na ni nini usichokijua kumhusu. Kama ni ndugu yako au mnasali kanisa moja, hilo ndilo la kwanza kuandikwa. Ukiwa kwenye jopo la usaili, zamu yake ikifika toka nje, na kutoka kwako kuandikwe kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo nyamaza kabisa. Ile simu ya "imefikia wapi?" hupokelewa kama agizo, hata ukiipiga kwa upole.

Ataajiriwa, ataleta bahasha ya mshahara wa kwanza, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Irudishe siku hiyohiyo. Na Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka, hata kwenye kampuni binafsi, aripoti hongo anayoijua au kuishuku kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Wazee wa kanisa wengi hawalijui hilo.

Kuna la udhamini wa mikopo. Mtaniuliza, mbona Methali 22:26 inakataza kuwa mdhamini wa deni, na Paulo amejitolea kulipa deni la Onesimo? Aya ya 27 inajibu: shida ni kudhamini huku huna cha kulipia. Kwenye chama cha akiba na mikopo, akiba yako hushikiliwa hadi mkopaji amalize, akikwama, inakatwa. Kwa hiyo dhamini kiasi ambacho kikipotea karo ya watoto haitaguswa, na mkeo au mumeo awe anajua. Wala usimbane mshirika akudhamini wewe kwa sababu tu ni mzee wako wa kanisa anayeomba.

La mwisho, ratiba ya zamu. Mombasa unafanya kazi na Waislamu. Msimamizi Mkristo anayejipangia mapumziko kila Jumapili, kisha akamweka Mwislamu kaunta Ijumaa saa saba mchana, hata akifungua kila kikao kwa maombi, wenzake wameshamsoma. Waulize wote kabla ya kupanga, zamu ngumu zizunguke na jina lako likiwemo, ratiba ibandikwe wiki moja mapema. Chini yake andika jina la mtu mwingine, si wewe, wa kupelekewa malalamiko.