Mapaja ya Mgonjwa wa Pumzi: Mazoezi ya Moyo na Mapafu Katika Tiba Shufaa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Karibuni wauguzi, karibuni wahudumu wa afya ya jamii wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na nyinyi mnaouguza nyumbani karibuni zaidi, maana kazi kubwa ni yenu.

Leo hatuzungumzi habari ya kuponya. Tunamzungumzia mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu, au mapafu yameachiwa makovu na kifua kikuu, au saratani imeshaingia kifuani. Mtu kama huyo, afanyishwe mazoezi? Afanyishwe, ila kwa kipimo.

Wengi wakisikia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpa nafuu mgonjwa ambaye maradhi yake hayaponi, hufikiria godoro, mofini (ile dawa kali ya maumivu) na dua. Nyumbani nako neno la kwanza ni "mwacheni apumzike". Huruma hiyo ndiyo inayomzidishia kutweta. Mtu akilala tu, misuli ya mapaja hunywea ndani ya siku chache. Msuli ulionywea huchoka mapema na kumwaga asidi mapema, na ubongo ukiihisi ile asidi huamuru pumzi ziende mbio. Basi mgonjwa anatweta kwa kwenda msalani, anaingiwa na hofu, kesho hatoki, na msuli unanywea tena. Mapafu ni yale yale ya mwezi uliopita. Yaliyobadilika ni mapaja, na mapaja tunayaweza.

Anzeni kwa kumuuliza anataka nini. Mmoja atasema ashuke barazani jioni. Mwingine anataka kuoga bila kushikwa na mkwewe. Hilo ndilo lengo, na mazoezi yafuate hapo. Mambo ya kuhesabu mita ngapi katembea yana mahali pake, lakini mgonjwa hayamhusu sana.

Kipimo cha kutweta ni namba, 0 hadi 10. Sifuri hana shida, 10 hajawahi kubanwa zaidi ya hapo. Tunataka 3 au 4 wakati wa zoezi, na arudi alipoanzia ndani ya dakika chache za kukaa. Asiyependa namba, mwambie asome Alhamdu, au Baba Yetu: akivuta pumzi kati ya aya yuko sawa, akikatika katikati ya neno, mkalishe.

Zoezi lenyewe ni kuketi na kusimama. Kiti kiwe kigumu, kimo cha kama sentimita 45, mgongo wa kiti umeegemea ukuta. Kiti chepesi cha plastiki kwenye sakafu laini huteleza kinyumenyume, na hapo umeongeza mfupa uliovunjika juu ya maradhi ya moyo. Mgonjwa asogee mbele ya kiti, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti. Avute hewa kwa pua akiwa ameketi. Ainamishe kifua mbele, kisha asimame huku akiitoa hewa kwa midomo iliyobana, kama anayepuliza chai bila kuimwaga. Kuvuta kwa hesabu ya 2, kutoa kwa 4. Kosa tunaloliona kila mara ni kuziba pumzi wakati wa kuinuka: presha ya kifua hupanda, damu inayorudi moyoni hupungua, naye akisimama dunia inamzunguka. Mara 5, apumzike dakika 2, arudie mpaka mizunguko 3. Asiyeweza 5 aanze na 1. Kiti kikimshinda, kiinueni kwa mto mgumu kwanza. Kila baada ya siku mbili tatu muongeze mara moja tu. Anayeongezwa kwa pupa hulala siku ya pili yote, na familia husema mazoezi yamemmaliza.

Saa nazo zina maana hapa Mombasa. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, fanyeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Anayekunywa dawa ya kukojoza akitoka jasho jingi presha hushuka, kwa hiyo akae ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama.

Tuje kuoga, maana hapo ndipo wengi hushindwa. Kuinua kopo kichwani ni kazi nzito kuliko tunavyodhani: misuli ya mabega inayoinua mkono ndiyo inayosaidia kifua kuvuta hewa, na haiwezi kazi mbili. Aketi juu ya kigoda, kopo lijae nusu, kiwiko kiegemezwe gotini, maji ya vuguvugu yasiyofukiza mvuke. Akimaliza asijisugue, ajifunge khanga kavu na taulo, maji yajikaukie.

Kwa ngazi za nyumba za Mji wa Kale, nyembamba na zimesimama wima, atoe pumzi anapopanda na avute akiwa amesimama. Vidato viwili, kituo. Wekeni kiti pale ngazi inapokata kona.

Swala pia. Mgonjwa wa moyo akiinama kusujudu, tumbo husukuma kifua na presha ndani ya moyo hupanda. Wengine hubanwa kabla nusu dakika haijapita. Dini yenyewe imempa ruhusa ya kuswali ameketi. Tunamkumbusha tu, kwa sababu wapo wanaoona haya.

Udi na ubani viwekwe mbali na chumba chake. Najua ni uzito kusema hivyo mjini hapa, hasa wageni wakija. Lakini moshi ni moshi, uwe wa udi, wa mkaa au wa koili ya mbu.

Kwa mgonjwa wa moyo, nunueni mizani. Apimwe kila asubuhi akishakojoa, kabla ya kula. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji: mazoezi yasimame, apelekwe kliniki. Ng'onda na achari ndizo zinazoleta chumvi bila kuonekana mezani. Na dafu, ambalo kila mgeni huja nalo, lina potasiamu nyingi. Kwa anayetumia spironolaktoni, dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini, na figo zake ni dhaifu, linaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Muulizeni daktari kabla ya kumnywesha.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinapenyeza mwanga, kwa hiyo piko nyeusi ya kujipamba na rangi ya kucha huweza kukidanganya. Tafuteni kidole kisichopambwa, mkono uwe na joto, mngoje namba itulie. Ikiwa chini ya 88 wakati wa zoezi, aketi.

Mtungi wa oksijeni je? Familia huuza vitu kuutafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa 239 wa Australia, Marekani na Uingereza, uliwapa wengine oksijeni na wengine hewa ya kawaida kwa mpira wa puani. Wote hawa hawakuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni damuni, na nafuu ikawa sawa. Asiyepungukiwa, mpeni upepo: kipepeo cha ukili au feni ndogo, sentimita 15 toka usoni, ikipuliza pua na mdomo wa juu. Neva za uso zikihisi ubaridi huo, ubongo hulegeza kengele yake. Ainame mbele, viwiko mapajani, dakika 5.

Pale haya yasipotosha, kuna mofini ya kunywa kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 2.5, daktari akiiandika. Huchukua kama nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo wakati wa kuoga upangwe kwa kuifuata. Someni lebo: chupa moja ina miligramu 5 katika mililita 5, nyingine ina 50 katika mililita 5 hizo hizo. "Kijiko kimoja" si kipimo. Na dawa ya kulainisha choo iende pamoja nayo tangu siku ya kwanza, kwani anayejikamua msalani anaziba pumzi ile ile tuliyomkataza kitini.

Sitisheni zoezi kwa maumivu ya kifua, kizunguzungu, mapigo yasiyo na mpangilio, au damu katika kikohozi. Mwenye saratani iliyofika mifupani asibebe uzito wala kujipinda mgongo mpaka apimwe. Uti wa mgongo unaweza kuvunjika kwa kuinua ndoo tu.

Zitafika siku ambazo kusimama kumekwisha. Hapo kiti kinaondoka, mito inabaki. Mkalisheni nusu ameketi nusu amelala, mgeuzeni kila saa 2, mkunjieni na kumnyooshea magoti taratibu ili yasikakamae. Kipepeo kibaki mkononi mwa anayemkesha, na mofini ya kipimo kile kile iendelee kama daktari alivyoandika, hata akiwa hasemi tena.