Kiti cha Kisasa Ndani ya Land Rover ya Zamani: Tuanzie Chini ya Kiti

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi vijana mliokaa nyuma, mambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya viti, hasa viti vya kisasa vinavyofungwa kwenye Land Rover za Series, maana ndizo nyingi hapa Arusha. Mliokuwepo kwenye tamasha la Oktoba 2024 mliona wenyewe jinsi mji ulivyojaa. Mimi ni fundi viti. Nashona, nachomelea fremu, nafunga. Kwa hiyo msitegemee nisimame hapa niwaambie kwamba kuweka kiti kipya kwenye gari la kale ni dhambi. Mtu aliyetoka Loliondo hadi mjini juu ya kiti cha Series III mgongo wake unajua unachotaka, hauhitaji mhadhara.

Ila mteja akija kwangu, neno la kwanza ni rangi ya ngozi. La pili ni bei. Mimi swali langu ni moja tu: hicho kiti kitashikwa na nini? Hapo ndipo watu wananyamaza, na hilo ndilo nitakalolizungumza leo kuliko mengine yote.

Tukumbushane kwanza tunachokikalia. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Ilikuwa mashine ya shamba. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, aluminiamu ilipatikana, basi bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Series II ikaja 1958, Series III ikaja 1971 na ikatengenezwa hadi 1985. Miaka yote hiyo kiti cha mbele kilibaki jambo dogo sana. Kuna boksi la bati jembamba la aluminiamu linalovuka kabini kutoka mlango hadi mlango. Juu yake imewekwa mito. Ukitaka kufika kilichopo chini unanyanyua mto kwa mkono mmoja, unauweka pembeni. Egemeo linalala mbele kwenye bawaba zake. Pa kuegemeza kichwa hakuna.

Na chini ya mto kuna nini? Kwenye nyingi, hasa 88 na 109 za pikapu (namba hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), upande wa kulia kuna tangi la mafuta. Dereva wetu, ambaye usukani wake uko kulia, amekalia petroli. Katikati, chini ya kile kifuniko, ipo gia boksi. Fundi akitaka kushusha gia boksi au kubadilisha klachi, anang'oa sakafu na boksi lote la viti, kazi inatokea ndani ya kabini. Haya mawili, tangi na gia boksi, yashikeni. Tutayarudia.

Sasa njoo kwenye kiti cha kisasa. Umeenda Gerezani pale Dar, au Grogan kule Nairobi, umepata pea ya viti vya Suzuki au Toyota, visafi, vina reli, vina kichwa, vinalala nyuma. Bei mmeelewana. Kiangalie hicho kiti vizuri. Pembeni, upande wa katikati ya gari, kuna kishikizo cha mkanda, ile sehemu unayochomeka ulimi mpaka ulie "kacha". Kwenye magari mengi ya sasa kishikizo hicho kimefungwa kwenye kiti chenyewe. Maana yake siku ya kugonga, sehemu kubwa ya mzigo wa mtu inapita kwenye kiti, inashuka kwenye reli, inaingia kwenye miguu minne ya kiti, na kutoka hapo inakwenda popote miguu ilipofungwa. Kwenye Suzuki yake ya asili ilifungwa kwenye sakafu ya chuma iliyoimarishwa kwa kazi hiyo. Kwako itafungwa kwenye bati la kuwekea mito.

Tupige hesabu kidogo, ya sekondari tu. Mtu wa kilo 75. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Linagonga, na mwili wake unasimama ndani ya nusu mita. Nguvu ya kumzuia inakaribia uzito wa tani moja na nusu. Hiyo ni 50, mwendo wa kupita sokoni. Halafu kiti chenyewe nacho kina uzito. Sheria ya Marekani inataka kiti na vifungo vyake vihimili nguvu ya mara 20 ya uzito wa kiti. Kiti cha kilo 18, hiyo ni kilo 360, bila mtu. Na kwa mkanda wa pointi tatu, kipande cha kiunoni na cha begani kila kimoja kinavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 1,360 kwenye majaribio, na vifungo visitoke. Sasa wewe umetoboa matundu manne kwenye aluminiamu, umeweka bolti na washa ya shilingi mia. (Kicheko.) Mnacheka, lakini nimezing'oa hizo washa kwa mkono. Bati linapasuka kuzunguka tundu hata kabla ya ajali, kwa mtikisiko wa barabara tu.

Dawa yake haina siri. Fremu ya chuma, engo au bomba la mraba, inakaa chini ya boksi na kushika kwenye chesisi. Miguu ya kiti inapita kwenye bati na kufungwa kwenye fremu, bati linabaki kuwa kifuniko tu. Panapolazimu kufunga kwenye bati, weka sahani ya chuma upande wa chini. Watu wa mbio za magari, FIA, kwenye kanuni zao wanataka kila pointi ya kiti iwe na eneo la kugusana lisilopungua sentimita za mraba 40 na bolti isiyopungua milimita 8. Sentimita za mraba 40 ni kama kipande cha sita na nusu kwa sita na nusu. Ni kipande kikubwa, sio washa. Bolti ziwe na alama ya 8.8 kichwani, yaani daraja la nguvu yake. Isiyo na alama kafungie kitasa cha banda la kuku.

Na bolti ya mkanda ina jambo lake. Kwa kawaida uzi wake ni UNF, ule mwembamba wa vipimo vya inchi, wa inchi 7/16. Fundi akipima anakuta milimita 11 na kidogo, hana hiyo, anachukua ya 12 anailazimisha. Inaingia nusu, inakwama, anasema imekaza. Haijakaza, imekula uzi. Bolti sahihi zipo madukani, uliza ya mkanda, wanajua.

Fremu hiyo sasa ikutane na yale mawili. Kwanza gia boksi. Fundi mwenye haraka atachomelea fremu kwenye chesisi moja kwa moja. Imara, hakuna ubishi. Siku klachi imekwisha, boksi la viti halitoki mpaka ukate kwa grainda, na umbali wa vidole vichache kuna tangi. Kwa hiyo fremu ifungwe kwa bolti, na bolti zifunguke kutoka juu.

Pili tangi lenyewe. Nalisema hili nikiwatazama mafundi wenzangu. Usichomelee, usitoboe kwa drili, usisage chochote hapo tangi likiwa mahali pake. Na msinijie na habari ya "limekauka, halina mafuta". Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu kinachowaka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa huo mvuke. Shusha tangi, lipeleke mbali. Kazi ya nusu saa.

Kwa ndugu wa Tanga, Bagamoyo na Unguja kuna nyongeza: chuma kikigusa aluminiamu penye chumvi na unyevu, aluminiamu inaliwa. Unakuta unga mweupe kuzunguka bolti, na chini yake bati limekuwa biskuti. Weka kipande cha mpira au plastiki ngumu kati ya fremu na bati, bolti ziwe zilizopakwa zinki, paka grisi. Huku kwetu juu si sana.

Naona mzee hapa mbele amenyanyua mkono muda mrefu. Karibu, mzee wangu.

(Mzee anauliza: "Kwa nini usitengeneze tu vile vya zamani? Sisi tulivikalia miaka yote.")

Swali zuri, na kwa gari la kwenda kanisani Jumapili na kurudi, jibu langu ni ndiyo, vitengenezwe. Uingereza wapo wanaoshona viti vya Series vipya kabisa kwa umbo lilelile, kama Exmoor Trim, na hapa tunaweza kushona kwa ngozi bandia nyeusi mtu asijue tofauti. Kinachoharibu ni sponji. Tunakata godoro la bei rahisi, likikaliwa miezi michache linakuwa chapati, na springi za gari nazo ni ngumu, basi kila shimo linafika kwenye uti wa mgongo. Tafuta sponji nzito, ukiibonyeza kwa ngumi ikukatae. Lakini mzee wangu, kiti cha zamani hata kikishonwa na malaika hakina kichwa. Ukigongwa nyuma, shingo inarudi mpaka ikutane na kioo cha kabini. Marekani walilazimisha viegemeo vya kichwa kwenye viti vya mbele vya magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1969, na hawakufanya hivyo kwa urembo. Gari la safari za kila siku, lenye malori nyuma yake, mimi nitashauri kiti chenye kichwa.

Tuingie kwenye vipimo, maana hapo ndipo pesa zinapopotea. Kabla hujatoa hata shilingi, kaa kwenye kiti chako cha sasa, mtu akupimie kutoka juu ya boksi hadi pale makalio yalipofika, mto ukiwa umebonyea. Halafu kalia hicho unachotaka kununua, hapohapo dukani, pima kutoka chini ya reli hadi palepale. Ukipima mto usiokaliwa unajidanganya. Mara nyingi kiti cha kisasa na reli zake kinakunyanyua kwa sentimita kadhaa. Kwenye gari lingine sio neno. Kwenye Series kioo cha mbele ni kifupi. Ukipanda sana, macho yanakutana na fremu ya juu ya kioo, unaanza kuendesha umeinama. Mapaja nayo yanagusa usukani, ambao ni mkubwa kama sinia, na mguu wa klachi hauna pa kupandia. Ukiona hivyo, tafuta reli fupi, au kifunge bila reli kwa dereva mmoja. Kiti cha Defender ya zamani, iliyorithi Series, ndicho chenye nafuu, kimetoka ukoo mmoja, kilikusudiwa kukaa juu ya boksi. Lakini nacho pima.

Upana pia. Boksi la Series lilikusudiwa watu watatu. Viti viwili vinene vya leo vinakula nafasi ya katikati na kubana mlango. Kaa, funga mlango, vuta breki ya mkono, ingiza gia ya pili na ya nne. Kiwiko kikigonga, sio kiti chako.

Viti vya umeme, jamani, hapana. Vizito, vina mota, mota ikifa umebaki umekunja magoti.

Ukinunua vilivyotumika, angalia ubavuni kama pana neno "airbag", na chini tazama kama kuna plagi ya njano. Ya njano ni ya mfuko wa hewa au ya kile kifaa kinachovuta mkanda kwa baruti. Usiichomeke taa ya kupimia kuona kama ina umeme. Inaweza kulipuka usoni kwako. Kiti chenye mfuko ubavuni mimi sikichukui, na mfuko ule kwenye Series hautafanya kazi kamwe kwa sababu hakuna kompyuta ya kuuamuru. Halafu sukuma kiti mbele na nyuma: reli zote mbili zikamate kwa pamoja. Moja ikichelewa, au egemeo likikaa upande, huenda kiti hicho kimetoka kwenye gari lililogongwa, kirudishe.

Mkanda wa begani unataka pa kushikwa kwa juu. Mwenye gari la turubai hana nguzo nyuma ya bega. Hapo inahitajika rolibaa, lile bomba la kukinga watu gari likibingirika, iliyofika kwenye chesisi. Wapo wanaochukua viti vyenye mkanda ndani yake, kama vya Mercedes SL ya 1989, wakidhani wamemaliza tatizo. Wamelihamisha. Sasa mzigo wote, bega na kiuno, unashuka kwenye miguu minne, na umetokea juu, unavuta kiti kama wenzo. Fremu ya kawaida niliyoieleza haitoshi kwa hiyo.

Vile vya zamani usivitupe wala usimgawie mlinzi. Vifunge kwenye nailoni, viandike namba ya gari, viweke juu, panya wasifike. Na usikate kitu cha asili ili kipya kiingie. Toboa palipokwisha kutobolewa, ukiweza. Anayenunua Series leo anauliza viti vyake viko wapi.

Kuna karatasi imeletwa hapa, inauliza mabenchi ya nyuma ya pembeni, kama yanaweza kufungwa mikanda ya watoto. Mkanda wa kiunoni unaweza kufungwa, ndiyo. Lakini mtoto aliyekaa ubavu, gari likisimama ghafla, kiuno kinabaki, kiwiliwili kinapinda kwa upande, na mwili haukuumbwa kupinda hivyo. Ng'oa mabenchi, weka viti vinavyotazama mbele, kwa fremu ileile inayofika kwenye chesisi. Ukishindwa gharama, watoto wakae mbele na kati, na nyuma pawe pa mizigo.

Haya, nani mwingine?