Kiti cha Puławy

SALMA: Karibuni tena. Idi wiki hii tumempotezea stoo ya makumbusho. Siku tatu na kiti kimoja.

IDI: Kiti cha enzi, dada. Mpingo, mapambo ya mfupa, kamba za kukalia zimekatika upande mmoja. Waliokileta wanasema kilikuwa cha liwali. Barua hakuna, picha hakuna, hati ya mauzo hakuna. Ila kuna mtu aliandika jina la liwali kwa rangi ya mafuta nyuma ya egemeo, na rangi imekwisha kuingia kwenye nyufa.

SALMA: Ndipo nikasema leo tuanzie kwa Izabela Czartoryska, aliyeanzisha makumbusho Puławy, Poland. Maana wanawake wa kikabaila wa Poland tuliwaahidi tangu mwezi uliopita, na yeye ana kesi kama yako. Ila kwanza nguvu yao ilitoka wapi. Kwenye bunge lao, Sejm, mwanamke hakuwa na kura. Kwenye mabaraza ya wilaya hana kura, cheo cha serikali hapewi. Alichokuwa nacho ni mali. Posag yao si mahari yetu: inatoka kwa baba wa binti. Mume akiipokea, anaweka mashamba yake dhamana, kwa kawaida posag yenyewe na kiasi kile kile juu yake, wanaita wiano. Na inaandikwa kwenye vitabu vya mahakama. Isipoandikwa, mjane anabaki kubishana na shemeji zake. Elżbieta Sieniawska aliponunua kasri la Wilanów mwaka 1720...

IDI: Subiri, usimpite Izabela. Yule ana kiti.

SALMA: Nilijua.

IDI: 1790 yuko Uingereza, anafika Stratford, nyumba aliyozaliwa Shakespeare, ananunua kiti cha Shakespeare. Gini 20, sarafu za zamani za Uingereza. Kinasafirishwa mpaka Poland. Halafu 1815 mwandishi mmoja wa Marekani anafika nyumba ile ile, anaonyeshwa nini? Kiti cha Shakespeare.

SALMA: Hilo ni kosa la wauzaji wa Stratford.

IDI: Na la mnunuzi aliyekiweka ndani ya makumbusho. Pale Puławy kulikuwa na majengo mawili. Hekalu la Sibyl, la duara, mchoro wa msanifu Aigner, lilifunguliwa 1801. Hilo la mambo ya Poland. Na Nyumba ya Kigothi, 1809, ya dunia nzima. Humo kiti, humo mabaki ya El Cid, shujaa wa Hispania, humo vipande vya kaburi la Romeo na Juliet. Romeo na Juliet, dada! Watu wa mchezo wa kuigiza.

SALMA: Tazama miaka, Idi. 1772, 1793, 1795: Urusi, Prussia na Austria wanaigawana Poland mpaka haipo tena kwenye ramani. 1794 jeshi la Urusi linapora nyumba yake ya Puławy. Miaka saba baadaye anafungua hekalu, mlangoni ameandika "Yaliyopita kwa yajayo". Ndani anaweka nyara za vita vya Vienna vya 1683, na sanduku lenye vitu 73 vya wafalme. Nchi haina mfalme, haina jeshi, haina bunge. Anayetunza kumbukumbu ni mwanamke asiye na kura. Wewe unamdai stakabadhi.

IDI: Namdai, kwa sababu ya ile picha. Mwanawe Adam Jerzy alinunua Italia, karibu 1798, picha ya Leonardo da Vinci: mwanamke na mnyama mweupe wa jamii ya kicheche. Ilipofika Puławy, kona ya juu kushoto ikaandikwa kwa rangi: LA BELE FERONIERE, LEONARD D'AWINCI. Juu ya rangi ya Leonardo! Na jina si lake. Walimfananisha na picha nyingine yenye jina hilo, iliyoko Ufaransa. Huyu ni Cecilia Gallerani wa Milano, na hilo halikutajwa mpaka 1900, na mwanahistoria wa sanaa Jan Bołoz Antoniewicz. Kipindi chetu ni cha wanawake, dada. Hapa mwanamke amefutiwa jina na mwanamke mwenzake, miaka mia.

SALMA: Hakumfutia. Alipewa picha bila jina, akampa jina alilodhani ni sahihi. Na alichapisha katalogi ya Nyumba ya Kigothi, 1828, kitu kimoja kimoja.

IDI: Katalogi inasema kitu kinadaiwa kuwa nini. Haisemi nani amehakikisha.

SALMA: Kwa hiyo ungeandikaje?

IDI: Kwenye kitu chenyewe, namba tu. Unatafuta mahali pasipoonekana, unafuta vumbi kwa brashi laini. Unajaribu asetoni kwa ncha ya pamba, maana ikikuta vanishi ya zamani inaiyeyusha. Ikiyeyuka, acha: funga kitambulisho cha karatasi isiyo na asidi kwa uzi wa pamba. Isipoyeyuka, paka tabaka jembamba la Paraloid B-72, vanishi ya plastiki inayotoka kwa asetoni, asilimia 20 hivi ndani ya asetoni. Ikauke kabisa, andika, wino ukauke, paka tabaka la pili. Ukiwahi kuandika, wino unatawanyika. Ukiruka tabaka la kwanza, wino unazama kwenye mti na hautoki. Hadithi yote inakaa kwenye kadi, kwa sababu kadi unaweza kuisahihisha.

SALMA: Na kadi ikipotea? Baada ya uasi wa 1830 Warusi walitaifisha Puławy. Vitu vikafichwa, vikaenda Paris, vikarudi Poland, mji wa Kraków, makumbusho yakafunguliwa 1878. Sanduku la wafalme lilipotea katika vita vya 1939, picha yao ya mchoraji Raphael haionekani tangu 1945. Mwaka 2016 serikali ya Poland ilinunua mkusanyiko kwa euro milioni 100. Unadhani wangelipa kama watu hawakufundishwa na huyu mama kwamba ni vyao?

IDI: Walilipia Leonardo. Hawakulipia kiti.

SALMA: Walinunua vyote pamoja, na kiti kimo.

IDI: Bado si cha Shakespeare.

SALMA: Sijasema ni chake. Nasema kilifanya kazi.

IDI: Kazi ya uongo ni kazi?

SALMA: Hakusema uongo, aliamini. Hapo sikubali, Idi, hata tukeshe.

IDI: Nami sikubali.

SALMA: Tumebakiwa na dakika mbili. Anna Jabłonowska na juzuu zake nane za maelekezo kwa wasimamizi wa mashamba, hatukumgusa. Emilia Plater, aliyepigana kwenye uasi ule mwaka 1831, hatukumgusa. Sieniawska nimemwacha Wilanów mlangoni.

IDI: Wiki ijayo.

SALMA: Na kadi ya kiti chako inasemaje?

IDI: "Kiti cha enzi, mpingo na mfupa. Kinadaiwa kuwa cha liwali."

SALMA: Jina la liwali liweke mstari wa kwanza.

IDI: Mstari wa nne.

SALMA: Wa kwanza, Idi. Kwaherini wasikilizaji.